Mama Yuko Sinema

Ndugu zangu, msitarajie niwapambie maneno. Nina nguo za kuanika na sufuria jikoni, nanyi mna zenu. Nitawasimulia jambo lililoipata nyumba moja ya mji huu, mlisikilize mpaka mwisho, kisha kila mmoja akaitazame nyumba yake.

Mnalikumbuka lile ghala kuukuu la katikati ya mji? Najua wengi mnaikumbuka baraza yake kuliko ghala lenyewe. Ilikuwa baraza ndefu ya saruji, iliyopata kivuli kuanzia saa saba mchana mpaka jua kuzama. Kona moja ilikuwa ya fundi viatu na kisanduku chake cha gundi na misumari. Katikati walikaa wacheza karata, ambao hakuna siku waliyomaliza mchezo bila kununiana. Na penye nguzo ya pili alikaa mjane mmoja mzee, mgongo umenyooka kama rula, kitambaa cheupe kichwani na ungo mapajani, akichagua maharagwe ya duka la nafaka lililokuwa ng'ambo ya barabara. Jiwe huku, haragwe huku. Vidole vyake havikukosea.

"Mama," fundi viatu alikuwa akimchokoza, "hilo ulilotupa ni haragwe, si jiwe."

"Basi liokote ukalipike. Likikuvunja jino, gundi unayo."

Karata zilisimama, watu wakacheka, kisha kila mtu akarudi kwenye shughuli yake. Hiyo ndiyo iliyokuwa alasiri ya mji wetu. Haikuwa na makuu, lakini ilikuwa na watu.

Binti wa mjane huyo alikuwa muuzaji katika duka hilohilo la nafaka. Kila alipoinua kichwa kutoka kwenye mizani, aliuona uso wa mama yake ng'ambo ya barabara. Mama akikunja uso, binti alijua jua limemfikia, akampelekea maji. Mama akijichekea peke yake, binti alijua fundi viatu ametoa upuuzi mwingine. Hawakuhitaji kuitana, kwa kuwa uso ulitosha. Lishikeni hilo la uso, tutalirudia.

Siku moja wakaja watu wenye futi za kupimia na ndoo ya rangi. Wakachora alama nyekundu kwenye nguzo ya pili, mjane akiwa ameiegemea.

"Tusamehe, Mama," alisema mmoja wao. "Hapa panajengwa sinema."

"Na sisi?"

"Na ninyi mtakaribishwa. Viti mia nne, vyote vya kitambaa."

Hakudanganya. Sinema ilijengwa, na sitasema uongo, ilikuwa nzuri. Ilikuwa na ngazi pana, taa za rangi mbele, na ubaridi uliokupokea mlangoni kama mwenyeji mwenye adabu. Vijana waliokuwa wakizurura walipata kazi. Barabara iliyokuwa giza ikawaka. Mimi mwenyewe nilikwenda wiki ya kwanza, nikacheka mpaka nikashika mbavu.

Lakini mji ulianza kubadilika taratibu, na jambo la taratibu halina anayelipigia kelele. Kila siku, picha ya kwanza ilianza saa nane mchana. Ikifika saa nane kasoro robo, fundi cherehani alifunga mlango na kuning'iniza kibao: *Rudi kesho*. Kinyozi alimwacha mteja amenyolewa upande mmoja, akamwambia wataendelea wakitoka. Watu waliozoea kusalimiana kwa "habari za nyumbani" wakaanza kusalimiana kwa "umeshaiona?" Na ukijibu hujaiona, mazungumzo yameishia hapo. Wacheza karata walitawanyika. Fundi viatu alihamia nyuma ya stendi ya mabasi, mahali penye vumbi na pasipo na wa kumchokoza. Mwenye duka la nafaka aliliuza, na mahali palipokuwa na magunia pakawa pa kuuzia bisi na soda.

Binti wa mjane akakosa kazi kwa mwezi mmoja, kisha akaipata palepale sinema. Akavikwa koti jekundu na kuketishwa nyuma ya kioo chenye tundu la kupitishia mkono. Tangu hapo mji mzima ulimwita Mkata Tiketi, na mimi nitamwita hivyo.

Mkata Tiketi aliishi na mama yake na bintiye wa miaka kumi katika vyumba viwili, ghorofa ya tatu. Mumewe alikuwa dereva wa lori, mtu wa kufika leo na kuondoka kesho. Mchana jengo zima lilikuwa tupu, majirani wote wako kazini. Kumwacha mama peke yake na jiko kulimtia hofu. Ndipo meneja aliposema kila mfanyakazi ana ruhusa ya kumwingiza ndugu mmoja bure kwenye picha ya mchana.

"Nikafanye nini huko?" mama aliuliza.

"Ukae, Mama. Kiti laini, hakuna jua, hakuna vumbi. Nami niko palepale mlangoni."

"Maharagwe sitachagua?"

"Umechagua maharagwe miaka mingapi? Pumzika sasa."

Mama akaenda, akapenda. Alikaa safu ya mwisho, kiti cha karibu na mlango, ili asisumbuke kutoka. Jioni ile alimsimulia mjukuu wake picha yote, nani alimpenda nani, nani alimsaliti nani, na kwa nini yeye angemfukuza yule mkwe tangu mwanzo. Mkata Tiketi, miguu yake imevimba ndani ya beseni la maji ya chumvi, alicheka kwa mara ya kwanza tangu ghala livunjwe. Akasema moyoni: nimefanya jambo la maana.

Na wengine waliona hivyo. Mtu akimwuliza, "Mama mzee siku hizi haonekani, yuko wapi?" alijibu kwa fahari kidogo: "Yuko sinema." Muuza dawa akasikia, akamleta baba yake. Mwalimu akamleta shangazi yake asiyetulia nyumbani. Haukupita muda, safu ile ya mwisho ikajaa vichwa vyeupe. Wazee waliingizwa saa nane, wakachukuliwa saa kumi na mbili. Vijana wa kuuza bisi, ambao ulimi wao hauna breki, wakaipa safu jina: Stoo.

"Dada," walimtania Mkata Tiketi, "mzigo wako umeshaingia stoo?"

"Mzigo ni wewe, uliyebebwa miezi tisa ukaja kuuza bisi."

Walicheka wote. Yeye naye alicheka. Lakini jina lilibaki, na hakuna aliyelikataza.

Kila picha ilipofika katikati, Mkata Tiketi alitoka kwenye kioo chake, akafunua pazia la mlango wa nyuma kidogo tu, akakitafuta kile kitambaa cheupe cha kichwa. Kipo. Akarudi. Hiyo ndiyo iliyokuwa namna yake ya kumtunza mama, na kwa jinsi alivyochoka, aliamini inatosha. Kaka yake aliyeishi mbali alipopiga simu kumwuliza hali ya mama, alimjibu, "Usiwe na wasiwasi, niko naye kutwa nzima, jengo moja."

Jengo moja, ndiyo. Lakini wakati wa kwenda alimvuta mkono wakiwa mbio, mchana alimwona kisogo, na jioni alimsikiliza akiwa amefumba macho kwa uchovu. Mwaka ukapita hivyo.

Dalili zilikuwepo. Dalili huwa hazikosekani, ndugu zangu. Kinachokosekana ni mtu wa kuzipokea.

Kwanza ilikuwa jiwe kwenye wali. Mama ndiye aliyekuwa akichagua mchele wa jioni, na mume wa Mkata Tiketi, aliyekuwa nyumbani siku hiyo, aliuma jiwe likalia *kakh* mpaka mtoto akasikia.

"Siku hizi wanauza kokoto," alisema Mkata Tiketi. Mama alikuwa ameshika kijiko, anakizungusha sahanini polepole kama mtu anayetafuta kitu chini ya maji.

Kisha ikawa chai. Mama alimimina mpaka ikafurika kikombe, ikafurika kisahani, ikamfikia kidoleni ndipo akaacha. Kisha ikawa michubuko, mmoja begani, mwingine kwenye paji la uso. "Mlango umenigonga," alisema mama, akacheka. Mkata Tiketi akapaka dawa huku akitazama saa.

Mara kadhaa mama alijaribu.

"Mwanangu, nina neno nataka kukuambia."

"Baadaye, Mama. Twende, picha inaanza."

Jioni: "Mwanangu, lile neno la mchana—"

"Mama, kichwa kinaniuma. Kesho."

Nanyi mnaijua kesho. Kesho ni mdaiwa asiyelipa.

Siku moja kisigino cha kiatu cha Mkata Tiketi kiling'oka, akakipeleka nyuma ya stendi. Fundi viatu alikipokea, akakigeuzageuza bila haraka.

"Mama yako nilikutana naye juzi, wewe ulikuwa umetangulia mbele," alisema. "Nilimpungia mkono, hakuitika. Nikamsemesha, akanijua kwa sauti. Akanyoosha mkono kunisalimia, akashika hewa."

"Ni uzee, Mzee wangu."

"Hata mimi nina uzee. Sishiki hewa."

"Ulikuwa upande wenye jua."

Fundi viatu alipiga msumari, akapiga mwingine. "Pale barazani alikuwa akikosea haragwe moja, watu sita tunaona. Sasa hivi nani anamwona?"

"Namwona mimi. Kila siku."

"Unamwonea wapi?"

Alitaka kujibu, lakini saa ilikuwa inakaribia nane. Alichukua kiatu chake, akashukuru, akaondoka mbio. Msije mkasema hakuonywa.

Onyo la pili lilitoka kinywani mwa mtoto, na hili ndilo linalonikera mpaka leo. Jumamosi moja binti yake alipelekwa sinema na wenzake wa darasani, akaiona picha ileile ambayo bibi yake alikuwa ameisimulia Ijumaa. Alirudi amekunja uso.

"Bibi, ulisema yule farasi ni mweusi."

"Ndiyo, mweusi kama masizi."

"Ni mweupe. Na ulisema bi harusi alikuwa mnene, amevaa dhahabu. Bibi, yule ni mwembamba na hajavaa kitu shingoni. Na ile nyumba iliyoungua haikuwa na ngazi. Wewe Bibi unadanganya! Wewe huangalii!"

Mkata Tiketi aliinuka na miguu yake iliyovimba, akampiga kofi.

"Unamwita bibi yako mwongo? Hayo ndiyo unayofundishwa shuleni?"

Mtoto akalia. Bibi akanyoosha mkono kumtafuta, akaupapasa ukuta, kisha akampata. "Mwache," alisema taratibu. "Mwache, hajakosea sana."

Hajakosea sana. Sikilizeni maneno hayo. Mtu mzima angeuliza, "Una maana gani, Mama?" Mkata Tiketi hakuuliza. Alirudisha miguu kwenye beseni.

Ikaja Jumatano moja, ukumbi umejaa. Kijana wa kuwaonyesha watu viti alikuwa mgonjwa, kwa hiyo Mkata Tiketi alipewa tochi afanye na kazi hiyo. Katikati ya picha, kitu kilipasuka juu kwenye chumba cha mtambo. Taa ya kutupa picha imeungua. Pazia kubwa likawa giza tupu, lakini sauti ikaendelea. Watu wasioonekana wakawa wanagombana, milango inafungwa, mvua inanyesha.

Vijana wakapiga miluzi. "Rudisha picha! Tumekuja kusikiliza redio?" Meneja akapita akipaaza sauti, watu watoke kwa utaratibu, tiketi zao zitafaa kesho. Ukumbi ukamwagika nje kama gunia lililochanika. Wazee wa Stoo nao wakaondoka, mmoja baada ya mwingine, wakishikana mabega.

Mkata Tiketi alipita na tochi, safu baada ya safu, kuhakikisha hakuna aliyebaki. Alipofika safu ya mwisho, alikiona kitambaa cheupe. Kipo, kama kila siku. Lakini siku hiyo alikuwa anatokea mbele.

Mama yake alikuwa ameketi mgongo wima, amefumba macho, kichwa amekiinamisha kidogo upande wa spika. Alikuwa anatabasamu.

"Mama. Inuka twende."

"Ngoja kidogo, mwanangu. Bwana huyu amerudi kwake, anabisha hodi. Mke bado hajaamua kumfungulia."

"Mama, hamna picha."

"Ipo. Si unawasikia wanaongea?"

"Taa imeungua. Hamna picha tangu robo saa iliyopita. Watu wote wametoka."

"Kumbe ndiyo maana wanapiga kelele. Nikadhani ni adabu yao tu."

Kwenye spika mtu aliendelea kubisha mlango. Ko, ko, ko. Mkata Tiketi alisimama na tochi mkononi, na baridi ya ukumbi ule ikamwingia mifupani. Alimmulika mama yake usoni.

"Fumbua macho, Mama."

Mama akafumbua. Mkata Tiketi akaipeleka tochi kulia, macho yakabaki. Akaipeleka kushoto, macho yakatikisika kidogo, yakaipoteza. Yalikuwa kama madirisha ya nyumba iliyohamwa. Hapo ndipo alipogundua kwamba hakumbuki mara ya mwisho alipoutazama uso ule. Mikunjo miwili mikubwa ilikuwa imeota karibu na midomo, na hakujua imeota lini.

"Tangu lini?" aliuliza, na sauti yake ikatoka kama ya mtoto.

"Ilianza pembeni pembeni. Nikawa simwoni aliye kando yangu. Kisha picha zikawa ukungu, na mwanga ule ukawa unanisumbua, nikaona heri nifumbe nisikilize tu."

"Na hadithi zote zile ulizotusimulia?"

"Sauti nazisikia. Yaliyobaki nilijaza mwenyewe." Mama alicheka kidogo. "Farasi ningejuaje rangi yake?"

"Kwa nini hukusema, Mama?"

"Nilisema, mwanangu. Nilianza kusema mara nyingi sana." Akaongeza kwa upole uliokuwa mbaya kuliko kemeo, "Kisha nikaona ukirudi umechoka, kitu pekee kinachokuchekesha ni zile hadithi. Nikasema, basi."

Kwenye spika, mke alifungua mlango. Au hakufungua. Fundi wa mitambo alikata sauti wakati huohuo, na hakuna aliyejua.

Kesho yake walikuwa kwa daktari wa macho, mwanamke mfupi mwenye mikono ya haraka. Alimulika, akapima, akapuliza, akaandika. Kisha akavuta kiti.

"Hii ni presha ya macho," alisema. "Haiumi, ndiyo ubaya wake. Inaiba kidogo kidogo kutoka pembeni. Jicho la kulia limekwisha. La kushoto limebaki kama tundu la ufunguo, tena lenye ukungu."

"Upasuaji?" aliuliza Mkata Tiketi. "Dawa? Niambie chochote, nitafanya."

"Matone atayatia kila siku ili tundu hilo lisizibe. Lililokwenda halirudi. Angeletwa alipoanza kujigonga kwenye milango, leo angekuwa anatazama kwa macho mawili." Daktari alimtazama. "Mchana anakaa na nani?"

Mkata Tiketi alifungua kinywa. Jibu alilokuwa akilitoa kwa fahari mwaka mzima lilikuwa pale kwenye ncha ya ulimi, lakini halikutoka. Mama ndiye aliyejibu.

"Ananitunza vizuri, daktari. Sijawahi kulala njaa."

Ndugu zangu, yapo maneno ya kukusifu ambayo yanakupiga kuliko fimbo.

Wiki ile Mkata Tiketi alimrudishia meneja koti jekundu. Akaomba kazi ya kufagia ukumbi asubuhi, kazi ndogo kuliko ile, ili ikifika saa sita awe nyumbani. Meneja alimshangaa. Vijana wa bisi hawakumtania. Hata ulimi usio na breki una siku unasimama wenyewe.

Jioni alimwita bintiye, akapiga magoti mbele yake, jambo ambalo wazazi wengi wa mji huu hawalijui.

"Nilikupiga kwa kusema kweli," alimwambia. "Nisamehe."

"Mimi sikujua kwamba haoni," mtoto alisema. "Nilidhani hapendi kuangalia."

"Mimi ndiye niliyepaswa kujua."

Siku hizi, ikifika alasiri, mnaweza kuwaona wote watatu nyuma ya stendi, kwenye benchi alilolitengeneza fundi viatu kwa mbao za masanduku. Ni mahali penye vumbi, sikatai. Mama ana ungo mapajani, anachagua maharagwe kwa vidole tu, na fundi viatu anamkagua.

"Mama, hilo uliloweka kwenye maharagwe ni jiwe."

"Nimekuwekea wewe. Nimesikia meno yako bado yapo."

Mjukuu humweleza nani anapita, amevaa nini, anatembea vipi, na farasi wa hadithi zao siku hizi wana rangi zao halisi. Mkata Tiketi anaketi mbele ya mama yake, magoti kwa magoti.

Juzi mama alinyoosha mikono, akamshika mashavu.

"Sogea kushoto," alisema. "Kidogo tena. Usitikisike. Hapo." Akakaa akimtazama kwa lile tundu lake la ufunguo, muda mrefu, mpaka fundi viatu akaacha kupiga nyundo. "Mwanangu, umechoka hivi? Mvi hizi zimekuja lini? Yote haya yamekupata, na mimi nilikuwa wapi?"

Mkata Tiketi aliishika mikono ile isije ikaanguka.

"Ulikuwa sinema, Mama."

FUNZO

Asitoke mtu hapa akasema sinema ilimpofusha mjane. Sinema ni viti na pazia. Nendeni, mcheke, mrudi. Kilichomwumiza mama yule ni sisi kupata mahali pa giza pa kuwaweka watu wetu, tukapaita mapumziko. Leo ni sinema. Kesho itakuwa kitu kingine, chenye kiti laini na ubaridi zaidi, na tutakishukuru vilevile.

Mkata Tiketi hakuwa mtoto mbaya. Alikuwa mtoto aliyechoka, na mimi sitamrushia jiwe, kwa sababu najua uchovu wa mwanamke ulivyo. Lakini ugonjwa haumngoji mtu apumzike kwanza. Kuwa na mtu jengo moja si kuwa naye. Kumlisha si kumwona. Na mtoto akisema jambo lisilokupendeza juu ya mkubwa, kabla hujainua mkono, inua macho ukaangalie.

Baraza tuliivunja, na katika viti mia nne hatukujenga hata kimoja kinachomtazama mwenzake. Hilo ni letu sote, na fundi viatu amelijibu kwa mbao za masanduku wakati sisi tunapiga foleni.

Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama. Mimi nawaambia, maana nimeona mwenye macho asiyetazama. Ile safu ya mwisho bado imejaa kila mchana. Nimepita jana nikahesabu vichwa kumi na moja. Kama kimoja ni cha kwenu, usikitazame kwa nyuma. Nenda ukatokee mbele, umsogelee, uulize, "Unaniona?" Kisha ukae usubiri jibu, hata kama picha inaanza.